Timon Aliingia Mitini

Ukitaja tanzia za Shakespeare, wengi wetu tunakimbilia Hamlet. Mimi nina wangu, na hana mashabiki wengi: Timon wa Athens. Tamthilia yenyewe haijakaa sawa. Ilichapishwa 1623, miaka 7 baada ya Shakespeare kufa, wataalamu wengi wanaamini aliiandika na Thomas Middleton, na kuna mahali inasomeka kama kazi iliyoachwa katikati. Labda ndiyo maana naipenda.

Timon ni tajiri wa Ugiriki ya kale anayemwaga pesa kama maji. Ventidius amefungwa kwa sababu ya deni. Timon analipa talanta 5. Mtumishi wake anataka kuoa na baba ya msichana anataka mkwe mwenye mali, Timon anatoa. Baadaye Ventidius anarithi, anakuja kurudisha hela zile, na Timon anakataa katakata. Hapo ndipo mimi hushtuka. Msee anayekataa kabisa kulipwa anataka kubaki juu yako. Na ukiangalia vizuri, hana mke, hana mtoto, hana mzazi wala ndugu anayetajwa popote. Toa ule mkono unaogawa, na hujui Timon ni nani. Yeye mwenyewe pia hajui.

Halafu doo zinaisha. Flavius, mtunza mali wake, amekuwa akimwonya kitambo na hasikilizwi. Sasa watumishi wanatumwa kwa marafiki. Lucullus anajaribu kumhonga mtumishi aseme hakumpata, yaani alikuwa mteja karne nyingi kabla ya simu. Lucius anaapa pesa zake amezitumia jana tu. Sempronius naye anakasirika, eti mbona ameombwa wa mwisho. Huyo ndiye fundi kabisa, na wewe pia unamjua mmoja kama yeye. Wote wakaingia mitini.

Timon naye akaingia mitini, ila mwitu wake ni wa kweli. Kwanza anawaalika karamu ya mwisho, wanafunua sahani, ndani ni maji ya vuguvugu, na anawamwagia usoni. Kisha anahama mji na kuishi pangoni. Alcibiades, mwanajeshi wanayefahamiana, anampata huko na kumuuliza yeye ni nani. Hasemi Timon. Anasema yeye ni Misanthropos, mchukia watu.

Kawaida tunaambiwa usaliti ulimgeuza akawa mtu mwingine. Sikubali. Akichimba mizizi ya kula anakuta dhahabu, na guess gani hiyo, anaanza kugawa tena! Alcibiades anapewa ya kulipia jeshi liiangamize Athens. Wanawake wawili walio naye wanapewa ili wakaeneze magonjwa. Wezi wanapewa na kuhimizwa waibe zaidi (mmoja anatoka hapo akifikiria kuacha kazi). Maseneta wakija kumsihi awaokoe, anawapa mti wake wajinyongee kabla hajaukata. Huyu jamaa hawezi kuacha kutoa.

Nilipotoka chuo mwaka wa pili, karo ikiwa imegoma, nilikaa kipindi fulani nikijitambulisha kama mtu asiyependa watu. Ilikuwa rahisi kuliko kujibu lile swali la matangani na harusini, siku hizi uko wapi? Chuki ilifanya kazi kama kile kikaratasi unachopewa ukingoja kitambulisho: jina lako liko pale, na askari akikusimamisha una kitu cha kuonyesha. Nilitembea nacho karibu mwaka. Kwa hivyo nikisoma Timon akijibatiza jina jipya pale msituni, sioni mwendawazimu. Naona mtu aliyeulizwa swali na akashika jibu lililokuwa karibu.

Sehemu inayoniumiza ni ya Flavius. Anakuja msituni akilia, akiwa na vipesa vyake vichache, akitaka kuendelea kumtumikia. Timon anamshuku kwanza. Kisha anakubali kwamba yupo binadamu mmoja mwaminifu, mmoja tu, na ni mtumishi. Nadharia yake yote imevunjika mbele ya macho yake. Anafanya nini? Anampa dhahabu na kumwamuru akaishi mbali na watu, awachukie wote, asimsaidie hata ombaomba. Anamfukuza! Kumbe angembakisha, ingembidi awe mtu wa kawaida tu, anayekula mizizi na rafiki aliyemwona akiwa hana kitu. Huyo mtu hajawahi kuwa.

Anafia kando ya bahari. Maandishi ya kaburi lake yanapofika kwa Alcibiades na kusomwa, mistari ya kwanza inamkataza mpita njia kutafuta jina la aliyezikwa. Inayofuata inasema aliyelala hapa ni Timon. Kwa Plutarch, zilikotoka, hizi ni tungo mbili tofauti, moja ikisemekana ni ya mshairi Callimachus. Wahariri wengi hudhani mwandishi alikusudia kufuta moja akasahau. Inawezekana. Mimi ningeziacha zote mbili.