Kampuni Ikiuzwa, Miaka ya Mfanyakazi Huenda Wapi?

Mchumaji wa chai aliyeingia shambani Kericho zama za Brooke Bond amepata kuzeeka katika safu zile zile za michai, kikapu kile kile mgongoni, hali karatasi yake ya mshahara ikibadilika jina kila baada ya muda. Brooke Bond ilinunuliwa na Unilever mwaka 1984. Mwezi Novemba 2021 Unilever ikakubali kuiuza biashara yake kubwa ya chai, iliyokwisha kupewa jina la ekaterra, kwa kampuni ya uwekezaji ya CVC kwa yuro bilioni 4.5, na mauzo yakakamilika Julai 2022. Jina likageuka tena likawa Lipton. Mwezi Mei 2024 ikatangazwa kwamba mashamba hayo ya Kenya, pamoja na ya Rwanda na Tanzania, yatakwenda kwa Browns ya Sri Lanka, kampuni ambayo mwaka mmoja kabla ilikuwa imekwisha kuafikiana kuyanunua mashamba ya James Finlay katika eneo hilo hilo. Mchai haujui lolote katika hayo. Lakini mama anayeuchuma ana swali moja ambalo magazeti ya biashara hayaliulizi sana: je, miaka yangu imehesabiwa, au nimeanza upya?

Huenda msomaji wetu wa Pwani akaona haya ni mambo ya watu wa bara. La. Mwisho wa mwaka 2024 kiwanda cha saruji cha Bamburi kilitoka mikononi mwa Holcim kikaingia kwa Amsons ya Tanzania. Mwaka 2023 First Community Bank, ambayo wengi wetu tuliwekeza huko kwa kuwa inafuata sharia, ilichukuliwa na Premier Bank ya Somalia. Katika nyumba ngapi za Mombasa na Malindi mna mtu ambaye mwajiri wake amebadilika akiwa usingizini?

Sisi wanawake wa ukoo wetu tulijifunza jambo hili Kapkatet. Kaka yetu alihamia huko kwa biashara ya nguo, na mkewe akapata kazi ya hesabu katika kampuni ndogo ambayo hatutaitaja. Kapkatet yenyewe, kule Bureti, ni mji wa wakulima wadogo. Kiwanda chake cha chai kimo chini ya KTDA, na wenye hisa ni wakulima wenyewe, kwa hivyo habari za kuuzwa kwa kampuni husikika kutoka kwa majirani wanaofanya kazi katika mashamba makubwa. Tulikuwa tumekwenda kumjulia hali wifi yetu baada ya kujifungua. Tukamkuta ana bahasha. Kampuni yake imenunuliwa, na mwenyewe mpya amempelekea mkataba wa kutia sahihi ndani ya siku saba, naye yumo katika likizo ya uzazi.

"Dada zangu, nitie au nisitie?" akatuuliza.

"Soma tarehe kwanza, wifi," akasema mkubwa wetu, ambaye alipata kuwa mwakilishi wa chama cha wafanyakazi bandarini. "Mshahara utauona baadaye."

Tarehe ya kuanza kazi ilikuwa ya mwezi ule ule. Miaka yake 11 haikutajwa popote, na juu ya hayo amewekewa miezi mitatu ya majaribio, kana kwamba ni mgeni katika ofisi ambayo yeye ndiye aliyewafundisha wenziwe kazi.

Hapa yafaa tueleze, maana watu wengi huchanganya. Kampuni huuzwa kwa njia mbili. Ya kwanza ni kununua hisa. Wenye kampuni hubadilika, bali kampuni yenyewe hubaki ile ile mbele ya sheria. Mkataba wa mfanyakazi haukatiki, na hakuna haja ya kumpa mwingine. Ya pili ni kununua mali na biashara: mashine, majengo, wateja. Hapo mwajiri ni mwingine kabisa. Uingereza wana kanuni tangu mwaka 1981 zinazomhamisha mfanyakazi pamoja na miaka yake na masharti yake, na Afrika Kusini nao wana kifungu cha namna hiyo. Sheria yetu ya Ajira ya mwaka 2007 haina. Kwetu mfanyakazi hahamishwi kama meza: ama akubali mwenyewe kwa maandishi, mwajiri wa zamani na wa mpya wakiwa wameafikiana juu ya miaka yake, ama yule wa zamani amlipe haki zake zote kisha aajiriwe upya. Kinachotendwa mara nyingi ni njia ya tatu isiyo na jina, ambayo hakuna anayelipa na hakuna anayehesabu.

Na haki hizo si ndogo. Mfanyakazi akiondolewa kwa sababu kazi yake haihitajiki tena, sheria yataka chama chake na afisa wa kazi wa serikali wapewe taarifa mwezi mmoja kabla. Asiye mwanachama aarifiwe yeye mwenyewe kwa maandishi. Alipwe siku zake za likizo zilizobaki, alipwe notisi, na juu ya hayo apewe mshahara wa siku zisizopungua 15 kwa kila mwaka aliotimiza. Wifi yetu tulimpigia hesabu mezani: siku 165. Karibu nusu mwaka ya mshahara ilikuwa inaelekea kufutika kwa tarehe moja.

Hakutia sahihi. Aliandika barua fupi ya adabu akauliza mambo mawili: ikiwa zilizonunuliwa ni hisa au ni mali, na ikiwa miaka yake inatambuliwa. Akakumbusha pia kwamba yumo katika miezi mitatu ya uzazi ambayo sheria inaamuru ilipwe kwa ukamilifu. Baada ya wiki mbili ikaja karatasi ya pili, ina mstari mmoja zaidi unaosema utumishi wake unahesabiwa tangu siku aliyoajiriwa, na majaribio yameondolewa. Bima ya matibabu, hata hivyo, ilipunguzwa. Mama yake mzazi, aliyekuwa akitibiwa kwayo, ameachwa nje. Hilo lilikataa kurekebishwa. Wenziwe watatu walikuwa wamekwisha kutia sahihi ile karatasi ya kwanza, na mpaka tunaandika hatujasikia kama nao wamepewa mstari wao.

Katika mashamba makubwa mambo ni mazito zaidi, kwa kuwa mafao si fedha tu. Nyumba ni ya shamba, shule ya watoto ni ya shamba, zahanati ni ya shamba. Anayepoteza kazi hupoteza paa siku hiyo hiyo. Ndiyo sababu tulielewa, bila ya kuunga mkono uharibifu, hasira ya mwaka 2023 iliyofanya mashine za kuchumia chai zichomwe moto Kericho. Katika mauzo ya Finlay kulikuwa na mpango wa asilimia 15 ya hisa kwenda kwa chama cha ushirika cha wenyeji. Ni jambo jema, ila mwenye hisa na mchumaji si lazima wawe mtu mmoja.

Iko pia Mamlaka ya Ushindani, ambayo chini ya sheria ya mwaka 2010 hutazama athari kwa ajira kabla ya kuidhinisha muungano. Benki za NIC na CBA zilipoungana mwaka 2019 ziliwekewa sharti la kutopunguza wafanyakazi kwa miezi 12. Kwa mwenye mtoto anayeingia shule ya sekondari, miezi 12 ni michache mno.

Limebaki la akiba ya uzeeni. Fedha hizo hushikwa na wadhamini mbali na mali ya kampuni, kwa hivyo haziuzwi pamoja nayo. Lakini mfanyakazi huweza kuhamishiwa mfuko mwingine, na mfuko mpya huja na fomu mpya ya kutaja watakaolipwa akifariki. Fomu hii wanaume hujaza wima, wakiwa na haraka. Sheria ya Kenya inasema mafao hayo si sehemu ya mirathi ya marehemu. Wadhamini huyalipa kwa kufuata kanuni za mfuko. Basi mjane aweza kutoka kwa Kadhi na fungu lake la thumuni limeandikwa sawasawa, akafika kwa wadhamini akaambiwa jina lililoko ni la mtu mwingine. Namna ya kuyagawa yakishapokewa ni la kuwauliza masheikh mapema, mwenyewe angali hai.

Tuliporudi Mombasa tuliwataka wanaume wanne wa familia wakaziangalie fomu zao. Wawili hawakukumbuka walimwandika nani. Mmoja alikuta jina la mama yake, aliyefariki mwaka 2009.