TEZI DUME HAITIBIWI KWA KUSUSA CHAPATI!

Leo nataka tuongee habari za wanaume, lakini akina dada msifunue ukurasa! Huko chini mtaona kwa nini nyie ndio mnaotakiwa kuisoma hii mpaka nukta ya mwisho.

Kwanza mnijue. Mimi ni kijana wa Mwananyamala, umri miaka 29, na sili chapati. Sili mandazi, sili mkate, sili sambusa, sili tambi. Kijiweni wananiita Mchele. Kwenye harusi, MC akianza kuita watu waje kulishwa keki, mimi natafuta nguzo ya kujificha nyuma yake. Na bia ndiyo kabisa, maana bia nyingi zinatengenezwa kwa shayiri.

Sio maringo jamani, wala sijaokoka ghafla. Nina ugonjwa unaoitwa siliaki.

Najua wengi ndio mnausikia leo. Ndani ya ngano, shayiri na nafaka moja ya Ulaya inayoitwa rai kuna protini inaitwa gluteni. Hiyo ndiyo inayofanya kinyunga cha chapati kivutike bila kukatika. Kwa mtu mwenye siliaki, gluteni ikifika tumboni, kinga ya mwili inachanganyikiwa, inaanza kuushambulia utumbo mwembamba wenyewe. Vile vinyweleo vya ndani ya utumbo vinavyonyonya chakula vinalala chini kama majani yaliyokanyagwa. Unakula sahani mbili lakini mwili haupati kitu. Damu inapungua, mifupa inadhoofika, nguvu hakuna.

Mimi nilihangaika miaka miwili. Naharisha, tumbo linajaa kama ngoma, suruali zinaning'inia. Na mnalijua jiji letu hili, mtu akikonda tu tayari ameshapewa ugonjwa na tarehe ya kuzikwa! Nikapima virusi, sina. Zahanati moja ya uchochoroni (jina kapuni) ilinitibu minyoo, ikanitibu amiba, ikanitibu taifodi mara nne. Fedha zangu zikaisha, taifodi haikuisha. Mwisho nikampata daktari wa matumbo aliyepima damu kutafuta askari wa kinga wanaohusika na huu ugonjwa, kisha akanimezesha mpira wenye kamera na kuchukua kinyama kidogo cha utumbo. Jibu likaja: siliaki.

Dawa? Hakuna kidonge. Dawa ni kuacha ngano, shayiri na rai maisha yako yote. Nikaacha. Wiki chache tu choo kikatulia, na baada ya miezi sita uso ukarudi, mpaka waliokuwa wameshanizika wakaanza kunikopa hela tena.

Basi, sasa ndio tunaingia kwenye stori yenyewe.

BABA MKUBWA NAYE ASUSA

Ukoo mzima ulishuhudia nilivyofufuka. Na aliyeshuhudia kwa karibu kuliko wote ni Baba Mkubwa, kaka yake marehemu baba, mzee wa miaka 66, mtu wa heshima zake pale Magomeni. Huyu mzee alikuwa na siri. Usiku alikuwa anaamka mara tano kwenda kukojoa. Akifika chooni anasimama, anasubiri, mkojo unatoka kwa kubembelezwa, mwembamba kama uzi, na akimaliza anahisi bado upo.

Kumbe alishakwenda hospitali kimyakimya. Akaambiwa tezi dume imevimba, akaandikiwa vidonge vya kulegeza njia ya mkojo, na akaambiwa kipimo cha damu cha PSA kiko juu, arudi baada ya muda kirudiwe na ikibidi akatwe kinyama. Mzee akasikia pia kuna daktari anayeingiza kidole kule nyuma. Loh! Hapo ndipo alipopotelea.

Siku moja ananiambia, "Mwanangu, wewe umepona kwa kuacha chapati, si ndiyo?"

Nikasema, "Ndiyo, Baba Mkubwa."

"Basi na mimi nimeacha. Vile vidonge nimevitupa. Sasa hivi usiku naamka mara mbili tu. Hii ngano ndiyo inayotumaliza wanaume."

Nilibaki nimetoa macho. Mnajua ugumu wa hilo jambo? Mila zetu haziruhusu kijana kukaa na baba yake mkubwa akamuuliza habari za mkojo wake. Unaanzaje? "Shikamoo Baba Mkubwa, vipi tezi?" Haiwezekani!

Lakini mzee wa watu alikuwa anacheza na uhai wake, na mfano anaoutumia ni mimi. Ikabidi nitafute ukweli: hivi siliaki na tezi dume vina undugu wowote?

UKWELI WENYEWE HUU HAPA

Tezi dume kila mwanaume anayo. Ipo chini ya kibofu cha mkojo, kwa kijana ina ukubwa wa kama kokwa ya embe dogo lililosinyaa, na njia ya mkojo inapita katikati yake. Kazi yake ni kutengeneza sehemu ya majimaji yanayobeba mbegu za uzazi. Mwanaume akivuka 50 huwa inaelekea kukua. Ikikua inaibana ile njia, kama mtu aliyekanyaga mpira wa kumwagilia maua. Hilo ni uvimbe wa kawaida, si saratani. Lakini saratani nayo huota humohumo, na mwanzoni mara nyingi haina dalili yoyote. Ndiyo maana huwezi kujipima kwa kuhesabu safari za chooni.

Sasa undugu. Kuna watu wanajenga hoja hivi: tezi dume inaishi kwa homoni ya kiume, testosteroni. Na ni kweli kwamba mwanzoni mwa miaka ya 1980 madaktari wa Uingereza walichapisha utafiti ulioonyesha wanaume wenye siliaki isiyotibiwa walikuwa na vurugu kwenye homoni hiyo na kwenye mbegu zao. Utumbo ulipopona kwa mlo, mambo yakaelekea kukaa sawa. (Washikaji mnaoanza kuniangalia kwa huruma, pumueni! Utafiti mkubwa wa Sweden wa mwaka 2011 ulikuta wanaume wenye siliaki wanazaa watoto kama wenzao.)

Lakini kutoka hapo mpaka kusema siliaki inaleta saratani ya tezi dume, hiyo ni safari ndefu na daraja halipo. Saratani zinazojulikana kuhusiana na siliaki ni za utumbo mwembamba, na aina fulani ya saratani ya tezi za kinga inayoanzia kwenye utumbo, tena ni za nadra. Hakuna ushahidi wa kuridhisha kwamba siliaki inaleta saratani ya tezi dume. Na kwa mtu asiye na siliaki, hakuna ushahidi kwamba kuacha ngano kunatibu tezi yake. Mimi nilipona kwa sababu ngano ndiyo iliyokuwa inaniumiza. Yeye ngano haikumfanya lolote!

Sasa mtauliza, mbona mzee alipata nafuu? Hata mimi nilijiuliza, jibu akanipa Mama Mkubwa bila kujua. Mzee alizoea kila usiku saa tatu kula chapati mbili na birika zima la chai ya rangi. Alipoacha chapati, na chai akaiacha, maana chai kavu ya nini? Chai ni maji, tena ina kafeini inayochochea mkojo. Birika likiondoka, safari za usiku zinapungua. Chai ndiyo iliyofanya kazi, sifa zikaenda kwa ngano. Na tezi ikaendelea kubana taratibu.

USIKU WA MAFUA

Nilimfuata nikamweleza yote, kwa adabu, macho chini. Alinisikiliza, akasema "nimekuelewa mwanangu," kisha hakwenda. Mwezi wa pili yake akashikwa na mafua. Akanunua dukani vidonge vya mafua, akameza, akalala.

Saa nane usiku simu ya Mama Mkubwa: "Njoo, baba yako hawezi kukojoa kabisa!" Nilimkuta mzee kaishika kitanda, jasho linamtiririka, kibofu kimetuna kama anaficha boga chini ya msuli. Nilikuwa sijawahi kumwona analia. Baadaye daktari alituambia kwamba baadhi ya dawa za mafua hukaza njia ya mkojo au kukifanya kibofu kilegee, na kwa mwenye tezi iliyovimba zinaweza kufunga bomba moja kwa moja. Hilo likate mulibandike ukutani!

Akawekewa mpira, mfuko ukajaa, mzee akapumua, akanishika mkono. Akasema neno moja tu: "Ahsante." Alikaa na mpira kwa siku kadhaa, akaanzishiwa vidonge vyake upya, na wiki zilizofuata akarudiwa kipimo cha PSA. Hakikupimwa palepale, kwa sababu mkojo ukiziba na mpira ukiwekwa, PSA yenyewe hupanda. Kilipopimwa bado kilikuwa juu. Akakatwa kinyama.

Saratani. Ila bado imo ndani ya tezi, haijatoka kwenda kwenye mifupa.

Hivi ninavyoandika anatibiwa kwa mionzi pale Ocean Road. Amechoka, ana hasira za bure, lakini yupo. Daktari amesema ameiwahi. Najiuliza, angekaa mwaka mwingine anasifia kuacha chapati, tungekuwa tunaongea nini leo?

VIJANA, HAYA NI YENU

Najua unasema mimi bado mdogo, hayo ni ya wazee. Sikiliza. Mwanaume ambaye baba au kaka yake wa damu amepata saratani hii, hatari yake ni kama mara mbili ya wengine. Na sisi weusi tumo kwenye kundi la hatari kubwa. Uingereza, mwanaume mmoja mweusi kati ya wanne huipata katika maisha yake, wakati kwa wanaume wote kwa jumla ni mmoja kati ya wanane. Mandela mwenyewe alitibiwa saratani hiyo mwaka 2001, akaishi mpaka 2013 akiwa na miaka 95. Kuambiwa unayo si kusomewa hukumu ya kifo.

Shirika la Saratani la Marekani linashauri mwanaume aanze kuzungumza na daktari kuhusu vipimo akifika 50. Mweusi, au mwenye baba au kaka aliyeugua kabla ya 65, aanze 45. Na mwenye ndugu wa karibu zaidi ya mmoja waliougua wakiwa na umri mdogo, 40. Kipimo cha mwanzo ni damu ya mkononi tu. Kidole hakianzi, na hata kikihitajika ni dakika moja. Hakijawahi kumpunguzia mtu uanaume wake. Kinachopunguza uanaume ni kuzikwa mapema.

Na wewe ambaye tumbo halitulii, damu haipandi, unakonda bila sababu: usiache ngano kwa kusikia yangu! Nenda upimwe kwanza ukiwa bado unakula. Ukiacha ngano kabla, wale askari wa kinga hupungua kwenye damu, kipimo kinasema huna, na ugonjwa unao. Ukikutwa nao, waambie na ndugu zako wa tumbo moja wapime, maana karibu mmoja kati ya kumi naye anaweza kuwa nao. Chakula hakitakutisha. Wazungu wanahangaika na mikate maalumu ya bei mbaya, sisi Mungu katupa ugali wa sembe, wali, muhogo, viazi, ndizi, mtama na ulezi. Chunga tu mchuzi uliokolezwa unga wa ngano, na chips zilizokaangwa kwenye mafuta ya sambusa.

Sasa akina dada, niliwaahidi. Nani aliyekuwa anahesabu safari za Baba Mkubwa usiku? Mama Mkubwa! Mwanaume hatakwambia, lakini mlango wa chooni utakwambia. Ukisikia mzee anaamka mara nne, mara tano, usimcheke wala usimpikie dawa ya kuambiwa na jirani. Mtafutie kijana wake wa kiume, au rafiki yake wa msikitini au kanisani, amsindikize hospitali. Na akitoka dirisha la dawa, hesabu vidonge vyake uone kama vinapungua.

Mimi keshokutwa ni zamu yangu ya kumpeleka mzee kwenye mionzi. Tutapanda daladala asubuhi na mapema, maana anasema teksi ni ufujaji wa pesa. Haya, tuonane wiki ijayo.