Bomu la Megaton na Benchi la Isiolo

Nazungumzia Isiolo ya mwaka 2010 na 2011, wakati lami ya kwenda kaskazini ilikuwa bado inajengwa. Msafiri kutoka Nairobi aliteremka kutoka kwenye ubaridi wa Mlima Kenya, akaingia kwenye joto letu, na hapo starehe yake ikaisha. Kutoka mjini kwetu hadi Marsabit na Moyale ilikuwa kazi ya malori: ng'ombe na mbuzi ndani, abiria juu ya vyuma, vumbi kila mahali. Kwa sababu hiyo mji ulijaa watu wanaosubiri. Dereva alisubiri mzigo, tanboi alimsubiri dereva, mfanyabiashara wa mifugo alisubiri siku ya soko, na sisi tuliomaliza kidato cha nne tulisubiri lolote ambalo lingekuja. Kusubiri huko ndiko kulikotukusanya katika chumba kimoja cha kompyuta upande wa Bulapesa.

Mchana chumba hicho kilikuwa cha wapenda mpira. Walicheza mechi zao za kwenye skrini kwa kelele, wakalipa, wakaondoka. Baada ya sala ya Isha mwenye chumba aliwasha kompyuta yake kubwa, ile aliyoifunika kwa kitambaa mchana kutwa, akafungua Fallout 3. Mchezo huo ulitoka mwaka 2008. Unaonyesha Marekani ya mwaka 2277, miaka 200 baada ya vita vya nyuklia, na mchezaji ni kijana aliyetoka handakini kumtafuta baba yake katika magofu ya jiji la Washington. Ni mchezo wa kuigiza mhusika. Unampa jina, unamchagulia maneno, na watu unaokutana nao wanakupima kwa unayosema na unayotenda. Ukimsaidia mtu, hesabu ya wema wako inapanda. Ukiiba au ukimuua asiye na hatia, inashuka.

Maneno yote yalikuwa ya Kiingereza, nayo ni mengi. Mimi nilisoma haraka kuliko wenzangu, basi nikapewa kazi ya kuyasoma kwa sauti kwa Kiswahili, na nikapewa jina la Mwalimu. Mtu wa kwenye skrini akisema jambo, nililitoa kwa Kiswahili. Majibu yakitokea, niliyataja moja moja, na benchi likaanza kujadili. Mchezo wenyewe husimama ukingoja jibu lako. Saa ya mwenye chumba ndiyo haikusimama, na dakika ilikuwa shilingi moja. Lakini yule bwana alikuwa mtu wa kupenda hoja. Mjadala ukinoga, aliifunika saa kwa kofia yake, na dakika zile hazikuhesabiwa. Nimeketi katika mikutano mingi tangu hapo, yenye viti vya ngozi na maji ya chupa. Ni michache iliyonifunza kusikiliza kama lile benchi.

Mji ambao wachezaji wengi huufikia kwanza unaitwa Megaton. Umejengwa kwa mabati kulizunguka bomu la nyuklia lililoanguka lisilipuke. Watu wanauza, wanalewa, wanasali, na bomu liko katikati yao. Ndani ya baa ya mji huo ameketi mwanamume nadhifu, Mister Burke, naye ana ombi: funga kifaa kwenye bomu, kisha nenda kwenye jumba la kifahari liitwalo Tenpenny Tower ukabonyeze kitufe. Tajiri wa jumba hilo anaona ule mji wa mabati unamharibia mandhari. Malipo yako ni pesa na makao ya starehe huko juu ghorofani. Ukikataa, unaweza kulitegua bomu, na mkuu wa usalama wa mji, Lucas Simms, atakupa nyumba ndogo ya mabati kama zile za wenyeji.

Benchi halikuhitaji kuelezwa bomu lisilolipuka ni nini. Archer's Post iko mwendo mfupi kaskazini mwa Isiolo, na huko, kama kule Dol Dol upande wa Laikipia, jeshi la Uingereza limefanya mazoezi kwa miongo mingi. Wachungaji na watoto waliokota vyuma walivyovikuta malishoni, vikawalipukia. Mwaka 2002 serikali ya Uingereza ilikubali kulipa takriban pauni milioni 4.5 kwa Wamasai na Wasamburu zaidi ya 200 waliojeruhiwa au kufiwa, baada ya wakili Martyn Day kuyapeleka madai yao. Kwa hiyo nilipofika pale tajiri anapotaka mji ulipuliwe ili aone mbali vizuri, mzee mmoja aliyekuja kumtafuta mjukuu wake alivuta kiti akaketi. "Hebu isome tena hiyo, Mwalimu," akasema.

Wachezaji wawili ndio waliotugawa. Wa kwanza alikuwa tanboi wa malori ya Moyale, kijana mpana, mwenye sauti ya chini. Katika mchezo hakukubali hata kuchukua chupa ya maji isiyo yake. Alilitegua bomu bila kusikiliza bei. Alipoulizwa kwa nini anaogopa watu wa kuchorwa, alitueleza habari ya usiku mmoja barabarani, majambazi walipolisimamisha lori lao na kuwalaza wote kifudifudi. "Mtu mwenye bunduki anajua huwezi kumfanya kitu," alisema. "Ule uso niliuona. Sitaki kuuvaa, hata kwa kucheza."

Wa pili alikuwa mtoto wa mfanyabiashara wa mifugo. Alikuwa mpole kiasi kwamba mwenye chumba alimwachia funguo. Yeye alicheza ukatili mtupu. Alidanganya, aliiba, alifunga kile kifaa kwenye bomu na kupanda ghorofani kwa hatua za mtu anayejua anachokitafuta. Tanboi alimuuliza, "Ndugu yangu, unapata raha gani?" Akajibu, "Wewe uliuona uso wake. Mimi nataka kujua anawaza nini."

Jibu hilo tulilijadili mpaka taa za maduka ya jirani zikazimwa. Mimi wakati ule nilikuwa upande wa tanboi, na moyo wangu bado uko kwake. Hata hivyo naona wote wawili walikuwa wanauliza swali moja. Mmoja alilikimbia kwa sababu lilishamlala mgongoni barabarani; mwingine aliliendea kwa sababu amelelewa mahali ambapo watu hupoteza mifugo na ndugu kwa mkono wa mtu wasiyemjua, na hakuna anayewaambia mtu huyo aliamkaje asubuhi ile. Kuigiza ubaya ili uuelewe ni kazi ya heshima. Waigizaji wa jukwaani huifanya, na wasimulizi wetu wa hadithi huifanya kila wanapoitoa sauti ya fisi.

Kitufe kilibonyezwa. Skrini ikawa nyeupe, wingu likapanda, Megaton ikatoweka. Kilicholikasirisha benchi kilikuja baadaye. Mwenye duka wa mji ule, Moira Brown, hunusurika kwenye mlipuko akiwa ameharibika ngozi na umbo. Unamkuta nje ya magofu, naye anakuongelesha kwa uchangamfu uleule na kukupa kazi kama zamani. Mji wake umekwisha na muuaji amesimama mbele yake. "Hata fidia haulizi?" akasema yule mzee. Kisha kijana wa mifugo akagundua kwamba hesabu ya wema iliyoporomoka inaweza kupandishwa tena: unampa ombaomba chupa ya maji safi, unampa nyingine, inapanda. Mwaka 2011 ulikuwa mwaka wa ukame mkali, na hapakuwa na mtu pale asiyejua thamani ya maji. Lakini hakuna hata mmoja aliyekubali kwamba maji, kwa wingi wowote, yanailipa damu.

Sisi tulikuwa na hesabu nyingine. Chini ya Azimio la Modogashe, ambalo jamii za wafugaji wa kaskazini zilikubaliana mwaka 2001, mwanamume aliyeuawa hulipiwa ng'ombe au ngamia 100, na mwanamke 50. Modogashe yenyewe iko mpakani mwa Isiolo na Garissa, na desturi hiyo ni ya zamani kuliko maandishi yake. Deni halibaki kwa muuaji peke yake. Hugawanywa kwa ukoo, kwa wajomba na binamu ambao hawakushika silaha. Wapo wanaoulaumu utaratibu huo kwa kuwaepusha wauaji na mahakama, na kwa kuuhesabu uhai wa mwanamke nusu. Lawama hizo nazikubali zote mbili. Bado utaratibu huo una jambo ambalo Fallout 3 haina: waliotendewa wanaketi mbele yako, wanataja wanachodai, na jamaa zako wanakutazama ukitajwa.

Miaka mingi baadaye, mwaka 2020, John Ebenger, mmoja wa waliotengeneza mchezo wa Mass Effect, alieleza kwamba asilimia 92 hivi ya wachezaji walichagua njia ya wema, ingawa wao watengenezaji walikuwa wameuandaa upande wa ukali kwa jasho jingi. Mimi sikushangaa. Mtu akipewa nafasi ya kuwa mtu mwingine, mara nyingi hutaka kuwa mwema kuliko maisha yanavyomruhusu. Tanboi wetu, aliyetukanwa na matajiri wa mizigo kutwa nzima, usiku alikuwa mtu anayeokoa miji.

Mwishoni mwa mwaka 2011 na mwanzoni mwa 2012 Isiolo iliingia kwenye mapigano. Watu waliuawa, nyumba zilichomwa, familia zikahama, na vijana wakaogopa kutoka mtaa mmoja hadi mwingine usiku. Benchi lililokuwa na Waborana, Wasomali, Wameru, Waturkana na Wasamburu likabaki na watu wa mtaa tu, kisha likabaki tupu. Wapo waliosema vijana wameharibiwa na michezo na filamu. Nililipinga neno hilo wakati ule, na leo nalipinga zaidi. Waliochoma nyumba hawakujifunza kwenye kompyuta ya Bulapesa. Palikuwa na magomvi ya malisho na maji, palikuwa na bunduki, na palikuwa na siasa za nani atakikalia kiti gani cha kaunti mpya chini ya katiba ya 2010. Kama chumba kile kilifunza jambo, kilifunza watu wa makabila matano kubishana juu ya haki usiku kucha na kurudi kesho yake.

Leo Waafrika wanatengeneza michezo yao wenyewe. Kampuni ya Kiro'o Games ya Kamerun ilitoa Aurion mwaka 2016, mchezo wa kuigiza mhusika uliojengwa juu ya simulizi za Kiafrika, na Nairobi ina vijana wenye ujuzi wa kazi hiyo. Ninyi vijana, mkikaa kuandika mchezo ambao mtu anaweza kuwa katili au mwema, mwacheni awe katili akitaka. Lakini msimpe chupa ya maji ya kujisafishia. Mleteeni wazee chini ya mti, mleteeni mwenye mji uliochomwa azungumze mpaka amalize, na ukoo wake mchezaji uuze ngamia kwa ajili yake huku yeye akihesabu. Na tafadhali, yaandikeni maneno yote kwa Kiswahili, ili benchi zima lisome.