Hodi ya Mzee wa Bonga

Mzee alikubali kazi ile kwa masharti mawili. La kwanza, angekuja akishaswali Magharibi, si kabla. La pili lilitufanya mimi na mama mwenye nyumba tutazamane: hatapita na gunia la zawadi mbele ya watoto wa watu, kisha awape watatu tu.

Ilikuwa Desemba 1993, Babati. Mji wetu ulikuwa bado chini ya Mkoa wa Arusha. Mkoa wa Manyara ulizaliwa 2002. Nilikuwa na miaka 19, nafanya kazi za ndani kwa familia iliyotoka Sweden. Baba wa nyumba alikuwa mtaalamu katika mradi wa hifadhi ya ardhi ambao nchi yake iliufadhili wilayani kwetu, na wiki nzima alishinda vijijini na mabwana misitu wakihangaikia miche na matuta. Mkewe nilimwita Mama, naye akiniita dada. Watoto walikuwa watatu, mkubwa miaka 9, mdogo miaka 4. Krismasi zilizotangulia walikuwa wakienda kwao. Mwaka ule walibaki, na watoto wakaanza kuuliza kama Baba Krismasi anaijua njia ya Babati.

Tukichambua mchele, Mama alinieleza kwamba kwao Baba Krismasi haingii kwa dohani watu wamelala. Anakuja jioni ya tarehe 24, anabisha mlango, anauliza kama ndani mna watoto wema. Mara nyingi huwa ni jirani au mtu wa familia aliyevaa nguo nyekundu. Nilifarijika kusikia hivyo. Mgeni anayepiga hodi namwelewa, najua nimwandalie nini.

Mzee mwenyewe aliletwa na shangazi yangu, jirani yake kule Bonga. Alikuwa Mrangi, asili yake Kondoa, Mwislamu wa swala tano, na ndevu zake zilikuwa nyeupe pe. Ndevu hizo ndizo zilizotufanya tumtafute, maana tulikwisha kufikiria ndevu za pamba tukaogopa: nyumba ilimulikwa kwa karabai, na pamba na moto havikai pamoja. Aliuliza kama atatakiwa kusali sala ya Kikristo. Mama akasema hapana. Akauliza huyu anayeigizwa ni nani hasa. Mama akamsimulia habari za Askofu Nikolao wa Mira, mji uliokuwa katika nchi inayoitwa leo Uturuki, ambaye husimuliwa kwamba aliwapa maskini fedha kwa siri. Mzee alisikiliza mpaka mwisho.

"Kumbe ni sadaka," akasema. "Sadaka naijua." Hapo ndipo alipotoa lile sharti la pili.

Basi maandalizi yakabadilika. Mama alikuwa amewaza mti, mishumaa na vifurushi vya wanawe. Sasa ikabidi tuwawaze pia watoto ambao kila jioni walisimama kwenye uzio wa minyaa wakichungulia, na nakiri kwamba mimi, mtoto wa pale pale Babati, sikuwa nimewahesabu. Mama alinunua penseli dazani tatu. Mimi nilikanda unga kilo nne kwa hiliki na tui, nikachoma maandazi tangu alfajiri ya tarehe 24, nikayafunga mawili mawili katika kurasa za magazeti ya zamani. Mafuta yaliloweka maandishi hadi picha za viongozi zikaonekana upande wa pili. Mti haukukatwa. Baba wa nyumba alisema hawezi kuhubiri upandaji miti mwezi mzima kisha aonekane na panga, akaleta mche wa msonobari ndani ya ndoo.

Fundi wa cherehani sokoni alishona joho jekundu kwa kipimo cha kanzu ya Mzee. Kofia yake ya swala hakuivua. Tulishona kofia ndefu ikae juu yake.

Kazi iliyonifunza zaidi ilikuwa orodha. Mama aliandika kwenye karatasi ya daftari majina ya watoto na jambo la kumwambia kila mmoja. Kwa mkubwa aliandika kwamba anampiga mdogo wake na aache. Nilipomsomea Mzee, akanyanyua mkono. Mgeni hamwaibishi mtoto mbele ya wazazi wake, alisema. Hilo ni lao, walimalize wenyewe. Aletewe jambo jema alilotenda mtoto, la kweli, ambalo mtoto hadhani kuna mtu aliliona. Tukakaa na Mama jikoni tukifikiri, na haikuwa rahisi. Mwishowe tukapata: mkubwa alimfundisha mtoto wa mlinzi kuendesha baiskeli, wa kati alimpelekea mbwa maji wiki nzima alipoumia mguu, mdogo alikuwa ameacha kulia gari la baba yake linapoondoka kwenda vijijini.

Mzee hakusoma herufi tunazoandika shuleni. Nilimsomea taratibu, naye akatoa kalamu mfukoni, akayaandika yote mwenyewe kwa herufi za Kiarabu, kutoka kulia kwenda kushoto, Kiswahili kitupu, mistari mitatu. Aliandika kwa mkono mwepesi ambao sikuutarajia kwa mtu wa jembe.

Jioni ilinyesha kidogo, ikakatika. Mbwa nilimfunga nyuma ya nyumba, gunia likawekwa stoo ya getini, karabai ikatundikwa juu. Mama aliondoa mezani nyama ya nguruwe, sahani nzima, akaipeleka kwa jirani. Kuku wa Mzee alikuwa amemchinja mwenyewe mchana. Pembeni palikuwa na uji wao wa Krismasi, mchele uliopikwa kwa maziwa mpaka ukalegea. Mchele wenyewe ulikuwa wa Magugu.

Mzee alianzia nje. Watoto wa uzioni walikuwa 41 na penseli zilikuwa 36. Mlinzi akatoa kisu, tukakata tano za mwisho katikati, tukazichonga, na kila mtoto akaondoka na kitu. Ndipo tukasikia mlangoni: "Hodi! Hodi! Hodi humu!"

Aliyeitikia ni yule mdogo, "Karibu!", kisha akajificha ndani ya khanga yangu.

Mzee aliketi. Aliomba maji, akanywa, akauliza habari za nyumba. Mama alikuwa amepanga dakika 10. Zikapita kabla gunia halijafunguliwa, na hakuna mtoto aliyechoka. Halafu akakunjua karatasi yake. Mkubwa, ambaye alikuwa amekwisha kuninong'oneza kwamba huyu ni mtu tu, alisogea akaona yale maandishi yanayosomwa kutoka upande usiouzoea. Alinyamaza. Mzee alipofika kwenye baiskeli, mtoto aliinamisha kichwa, masikio yakawa mekundu, akamtazama mama yake kuuliza nani kasema.

Kosa langu lilijitokeza hapo. Majina juu ya vifurushi yalikuwa kwa herufi za shule. Mzee aliingiza mkono guniani, akatoa kifurushi, akakigeuza, nami moyo ukanipasuka paa. Hakubabaika. "Binti yangu, njoo unishikie taa." Nikachukua kandili nikainama karibu, na kwa kila kifurushi nikamtajia jina kwa sauti ya chini, naye akalirudia kwa sauti kubwa.

Mwaka jana binti yangu, anayeishi Dar es Salaam, alimkodi kijana wa mavazi mekundu kupitia simu aje kwa wajukuu zangu, akaniuliza aandae nini. Nilimwambia afunge kila zawadi kwa uzi wa rangi yake, amwandalie mgeni kiti na chakula, na awahesabu watoto wa majirani kabla ya kununua chochote. Orodha tulikaa tukaiandika pamoja kwenye simu, karibu saa nzima.

Usiku ule wa Babati, Mzee aliswali Isha stoo, akakunja joho, akabaki na kanzu yake. Alikataa fedha; alichukua sukari kilo mbili na shuka, kama alivyotaka tangu mwanzo. Alilala kwa mwanawe, ng'ambo ya pili ya mtaa, na njia ilipita kando ya ziwa. Mlinzi na mimi tulimsindikiza na tochi. Hatukufika mbali. Kiboko alikuwa ametoka majini, amesimama njiani akila nyasi, tunasikia jinsi anavyozing'oa. Mlinzi akazima tochi, tukarudi nyuma hatua kadhaa, tukasubiri.

Tulisimama muda mrefu. Nilidhani Mzee anawaza yule mnyama.

"Yule mdogo," akaninong'oneza, "ni kweli halii tena baba yake akiondoka?"

"Halii, Mzee."

"Vizuri," akasema. "Maana nimemwambia mbele za watu."