Nyumba ya Kimemi ilisubiri sahihi saba

Familia moja iliyokimbia upande wa Mbau mwishoni mwa mwaka 2019 imenunua nyumba katika kartye ya zamani ya mji wa Butembo, komuni ya Kimemi. Kazi hiyo ilichukua karibu miezi minane. Majirani wao wa Beni walidhani walikuwa bado wanatafuta pesa. Pesa ilikuwa imefungwa ndani ya kitambaa tangu siku ya kwanza. Kilichochelewa ni sahihi ya kijana mmoja aliye Goma.

Baba na mama walikuwa wapangaji Beni kwa zaidi ya miaka mitano, vyumba viwili na watoto watano. Walizoea. Watoto walikuwa shuleni, mama alikuwa na meza ya unga na mafuta ya mawese sokoni. Mambo yalibadilika mwanzoni mwa 2025. Goma iliingia mikononi mwa M23 mwishoni mwa mwezi wa kwanza, na uongozi wa jimbo ukahamia Beni. Wakaja wafanyakazi wa serikali, mashirika, wafanyabiashara, na familia nyingine nyingi zilizokimbia. Kila mmoja alitaka nyumba. Mwenye nyumba wao alikuja jioni moja, akaketi vizuri, akauliza habari za watoto, kisha akasema bei imepanda na garantia itakuwa ya miezi sita.

Sheria ya upangaji ya tarehe 31 mwezi wa kumi na mbili 2015 inasema garantia ya nyumba ya kuishi isizidi miezi mitatu. Baba alijua hivyo. Lakini mpangaji anayeonyesha sheria mlangoni leo, kesho anaambiwa mtoto wa mwenye nyumba anaoa na anahitaji vyumba vile. Hakubishana.

Usiku ule ndipo neno la kununua lilitoka. Baba alitaka parseli pembezoni mwa Beni, upande ambako bei iko chini. Mama alikataa.

“Papa wa watoto, uliza kwa nini ni rahisi,” alisema. “Wenyewe wamekimbia. Sisi tukanunue mahali watu wanakimbia?”

Hakuna aliyeishi Beni tangu mwezi wa kumi 2014, mauaji yalipoanza, asiyeelewa swali hilo. Watu wa Rwangoma wanakumbuka tarehe 13 mwezi wa nane 2016. Kiwanja cha pembezoni kina hewa nzuri na nafasi ya kulima sombe, lakini usiku unapoingia ni cha kwanza kufikiwa. Mama alitaka nyumba iliyozungukwa na nyumba, barabara yenye watu waliokaa miaka thelathini. Alitaka Butembo.

Kwa baba, Butembo ilikuwa na uchungu wake. Ni kilomita zaidi ya 50 kutoka Beni, na kutoka Beni hadi shamba lake la kakao ni mwendo mwingine. Mwaka 2024 bei ya kakao ilipanda sana duniani, na wakulima wengi waliokimbia walirudi kuvuna kwa saa chache, wanaingia asubuhi na kutoka kabla ya jua kushuka. Yeye pia alifanya hivyo. Pesa ya kitambaani ilitoka huko kwa sehemu kubwa, nyingine ilitoka kwenye likelemba ya mama. Kununua Butembo kwake kulikuwa kama kutia sahihi kwamba kijiji kimekwisha. Alisema neno hilo mara moja tu, na mke wake hakumjibu.

Komisioneri aliwaonyesha nyumba nne. Kila ziara ina pesa yake, ununue usinunue, na hapo wahami huliwa kidogo kidogo. Ya kwanza ilikuwa ukingoni mwa mtaro uliochimbwa na mvua. Choo kilikuwa kimebaki hatua tatu kabla ya kuanguka. Butembo ni mji wa vilima na anayenunua wakati wa kiangazi haoni maji yanapopita. Ya pili na ya tatu zilikuwa ghali. Ya nne ilikuwa ya matofali ya kuchoma, mabati ya zamani lakini mazima, vyumba vitatu, mparachichi nyuma, na majirani pande zote. Bei dola 5.800. Muuzaji alikuwa kijana mpole. Alisema papa yake amekufa, nyumba ni yake, na ana haraka kwa sababu anataka kuanza biashara Kasindi. Alionyesha fishi ya parseli kutoka ofisi ya kartye, yenye jina la marehemu.

Baba alikuwa tayari kulipa. Mama akasema wangoje kesho.

Kesho yake alirudi peke yake, bila komisioneri, akanunua ndizi kwa mama mzee anayeuza mbele ya parseli inayofuata. Akakaa. Akanunua tena. Kisha akasema wanafikiri kuwa majirani.

“Mama yao amekubali?” mzee akauliza.

“Mama yao nani?”

“Mjane. Yuko Kasindi kwa binti yake. Na watoto ni sita, mwanangu. Huyo aliyewaonyesha nyumba ni wa mwisho.”

Ndizi mbili ziliokoa dola 5.800. Hakuna ofisi ingewaambia jambo hilo, kwa kuwa karatasi ya kartye ilikuwa ya kweli, na muhuri wake wa kweli. Shida yake ni kwamba ilisema nani alikaa pale, haikusema nani ana haki ya kuuza. Sheria ya ardhi ya mwaka 1973 inasema ardhi ni mali ya Serikali, mtu hupewa haki ya kuitumia, na haki hiyo huthibitishwa na hati ya usajili inayotolewa na konservateri wa hati za ardhi. Nyumba nyingi za kartye za zamani hazina hati hiyo. Zimeuzwa mara mbili, mara tatu, kwa barua ya mkono na mashahidi. Papa anapokufa, sheria ya familia inawapa watoto wote sehemu kubwa ya urithi, wavulana kwa wasichana, na inamlinda mjane katika nyumba aliyoishi na mume wake. Kijana mmoja mwenye haraka hawezi kuwafuta wote.

Kuna jambo jingine ambalo watu wa hapa hucheka wanapolisikia, lakini linaharibu mauzo. Majina ya Kiyira hufuata mpangilio wa kuzaliwa. Kambale wako kila nyumba, Kavira vilevile. Barua inayosema “mimi Kambale nimeuza” inaweza kuwa ya watu kumi kwenye barabara moja. Ndiyo maana shefu wa kartye, mzee asiyependa haraka, alidai majina yote, kadi ya uchaguzi ya kila mmoja, na majirani wa mipaka minne waje wasimame kwenye mipaka yao. Alidai pia sahihi saba: mjane na watoto sita.

Mjane alikuja kutoka Kasindi baada ya wiki mbili. Wengi waliogopa atakataa. Alizunguka nyumba, akagusa mparachichi, akauliza wanunuzi wanatoka wapi. Aliposikia Mbau alinyamaza kidogo. Kisha akasema yeye hawezi tena kupanda kilima cha Butembo kwa miguu yake, ila pesa igawanywe mbele ya macho yake, si mfukoni mwa kijana wake. Kijana aliinamisha kichwa. Watoto wanne walitia sahihi mwezi uleule.

Wa sita yuko Goma. Barabara ya kwenda huko kupitia Lubero imekatwa na mstari wa vita. Anayetaka kutoka Goma kufika Butembo huzunguka Rwanda, anapita Uganda, anaingia Kasindi. Nauli ya safari hiyo ingekula sehemu yake yote. Alipiga simu, akasema amekubali, akatuma sauti. Komisioneri alisema hiyo yatosha, watu wote siku hizi wanafanya hivyo. Shefu wa kartye alisikiliza sauti hadi mwisho, akarudisha simu.

“Simu itapotea,” alisema. “Na huyu kijana siku moja atarudi.”

Hapo ndipo miezi ilienda. Mwenye nyumba wa Beni alikuwa ameshapata mpangaji mwingine. Familia ilihamia kwa shemeji Butembo, watu kumi na mmoja chini ya bati moja. Mara mbili komisioneri alileta habari kwamba mnunuzi mwingine yuko tayari kulipa mara moja bila maswali. Huenda alikuwepo kweli. Baba alikasirika, akasema wanapoteza nyumba kwa ajili ya karatasi. Mama alimkumbusha kwamba shamba la kakao nalo lilikuwa lao kwa maneno tu.

Mwishowe kijana wa Goma aliandika barua ya kumpa dada yake mkubwa uwezo wa kutia sahihi kwa niaba yake, akaambatanisha nakala ya kadi, akampa mfanyabiashara aliyekuwa anakuja kwa njia ya Uganda. Barua ilivuka mipaka mitatu ili ifike katika jimbo ilikoandikwa. Ilifika imekunjwa mara nne, na imelowa pembeni.

Pesa ilihesabiwa juu ya meza ya ofisi ya kartye, mjane akiangalia. Sehemu ya yule wa Goma ilipokelewa na dada yake, nayo ikaandikwa. Kwenye barua ya mauzo yaliandikwa majina ya wanunuzi wawili, baba na mama. Karani alitaka kuandika la baba peke yake, kama kawaida. Baba mwenyewe ndiye aliyemrudisha.

Wameingia na mikeka na masufuria. Mama mzee wa ndizi aliwaletea daftari la barabara, lile la michango ya matanga, akaonyesha mstari wa kuandika jina. Kulikuwa na kilio nyumba ya tatu, kwa hiyo walianza kulipa siku hiyohiyo.

Hati ya usajili bado. Gharama ya kupima na ya kubadilisha jina hawajaimaliza, na likelemba ya mama itamfikia tena baada ya wiki tano. Mpima ardhi wa kadasta amesema atakuja mvua ikipungua. Baba amekwisha pigilia vijiti vinne kwenye pembe za parseli, mahali palepale majirani waliposimama, na kila Jumamosi anapitia kuona kama vipo.