Kumwita Mungu Bila Vyeo

Katika kanisa nililokulia hatukuruhusiwa kuanza sala kwa neno "Mungu" peke yake. Neno hilo lilihesabiwa kuwa tupu. Ilibidi kwanza utaje vyeo: Mwenyezi, Mfalme wa wafalme, Bwana wa majeshi, Simba wa Yuda, Jemadari usiyeshindwa, mpaka sauti ipande na jasho litoke, ndipo useme shida yako. Mtoto aliyeruka hatua hiyo alikatizwa palepale. Nikiwa na miaka saba hivi, mzee mmoja wa kanisa alinigusa begani katikati ya sala: "Unaita Mungu kama vile unaita mwenzako?" Nikaanza upya.

Sitalitaja kanisa lenyewe. Lilikuwa moja tu kati ya makanisa mengi ya Dzaleka, kambi yetu iliyoko wilaya ya Dowa, karibu kilomita 45 kutoka Lilongwe. Kambi ilifunguliwa mwaka 1994 mahali palipokuwa gereza enzi za Kamuzu Banda, na watu hueleza kwamba jina lake linatokana na kiapo cha Kichewa cha mtu anayesema ataacha, hatarudia tena. Ilipangwa kwa watu elfu kumi na kitu. Sasa tumezidi 50,000, wengi wetu kutoka Kongo, Burundi na Rwanda, na Kiswahili ndicho kinachotukutanisha sokoni, bombani na kanisani. Kwa watu waliopoteza shamba, nyumba na ndugu, kanisa lenye masharti makali si jambo la kushangaza. Sharti linakuambia cha kufanya ukiamka asubuhi. Wenzangu wengi chuoni wakisikia habari za makanisa kama lile hucheka. Mimi sicheki, maana watu walewale ndio waliotuchimbia choo tulipofika hatuna hata jembe.

Lakini masharti yalikuwepo. Wanawake kichwa kifunikwe hata ukiwa unaosha vyombo, muziki wa redio marufuku, na dawa za hospitali zilihesabiwa kuwa upungufu wa imani. Kwa hilo la mwisho ndipo mama alipotoka. Mdogo wangu alishikwa na malaria hadi akaanza kuweweseka, na wazee wakaagiza tuongeze siku moja ya kufunga. Mama alisubiri baba apitiwe na usingizi, akambeba mtoto mgongoni usiku ule, akampeleka kwenye kituo cha afya. Mtoto akapona. Jumapili iliyofuata mama alitakiwa asimame mbele ya watu aungame. Hakwenda, na hajaenda tena. Baba alibaki.

Watu hudhani kazi ngumu ya kutoka katika dini ni kuacha kuhudhuria. Mama aliacha kuhudhuria kwa siku moja. Kilichomchukua karibu miaka miwili ni neno la kwanza la sala. Baadaye alinieleza kwamba kila alipofumba macho, vile vyeo vilikuja vyenyewe, tena kwa sauti ya yule mzee. Akajaribu kusema "Bwana" tu. Hilo nalo lilimkwama kooni, kwa sababu Mungu ni Bwana, mume ni bwana, na yule unayemfulia nguo mjini naye ni bwana. "Mabwana wote walikuwa upande mmoja," alisema huku akicheka. Basi akanyamaza. Aliacha kusali, na mimi nikadhani ameacha kuamini. Sikumuuliza, kwa kuwa nyumbani kwetu swali kama hilo haliulizwi na mtoto.

Wakati huo mama na sisi watoto tulikuwa tumehamia Likuni, upande wa kusini-magharibi wa Lilongwe, alikokuwa akiuza vitenge. Baba alikaa kambini karibu na kanisa lake. Tulipanga chumba kimoja, si mbali na parokia kongwe ya Wakatoliki iliyoanzishwa na Mapadre Weupe mwanzoni mwa karne ya 20. Usiku mmoja umeme ulikatika, mama akidhani tumelala, nikamsikia akisema kwa sauti ya kawaida kabisa:

"Wewe. Njo mimi."

Akakaa kimya. Kisha: "Asante ya leo." Ikawa imekwisha.

"Njo mimi", kwa Kiswahili chetu cha Uvira, ni "ni mimi", na ndivyo unavyojibu ukibisha hodi halafu aliye ndani akauliza ni nani. Nimelifikiria jambo hilo mara nyingi. Kanisani tulifundishwa kwamba kusali ni kumtaja Mungu sawasawa. Mama alikuwa ameliacha jina la mwenye nyumba na kujitaja yeye aliyesimama mlangoni.

Baada ya usiku ule nilianza kuwauliza watu wengine waliotoka katika makanisa au nyumba za masharti, si kwa utafiti wowote, ni udadisi tu. Jirani yetu wa Likuni, mama wa makamo, aliingia Ukatoliki na anazipenda sala zilizoandikwa: "Maneno walishachagua wengine, mimi ninaingia tu." Kwake, kutochagua ndiyo mapumziko. Kijana mmoja Mrundi aliniambia kwamba kanisani kwao kila kitu kilikuwa Kiswahili, vitisho pia. Sasa anasema "Imana", kama bibi yake alivyosema kijijini, kwa kuwa neno hilo hakuna aliyelitumia kumtisha. Mwingine alilelewa na baba mwalimu wa madrasa. Haswali tena swala tano, ila "Yarabi" haijamtoka mdomoni. Na yupo rafiki yangu asiyeamini chochote, ambaye pikipiki ilipoteleza kwenye tope aliita "Mungu wangu!" kwa sauti iliyosikika hadi barabarani. Ameniomba nisimhesabu, nami simhesabu.

Hapa masomo ya lugha yalinisaidia kidogo. Katika Kichewa, mtoto hawezi kumwambia mtu mzima "iwe". Atasema "inu", yaani anamweka katika wingi kwa heshima, na Mungu naye katika sala ni "Inu". Wakatoliki wa Kifaransa nao walimwambia Mungu "vous" katika Baba Yetu mpaka mwaka 1966, ndipo wakahamia "tu". Kiswahili hakina mlango huo. "Wewe" ya mtoto na "wewe" ya rais ni moja. Heshima yetu tunaibandika nje ya kiwakilishi: kwenye shikamoo, kwenye mzee, mheshimiwa, mama fulani. Nadhani ndiyo sababu vyeo vinajazana hivyo katika sala zetu. Lugha imetunyima heshima mahali pengine, nasi tunairundika mwanzoni. Ukiviondoa, "wewe" inabaki uchi. Mmoja atasikia ukaribu na mwingine atasikia utovu wa adabu.

Baba alisikia utovu wa adabu. Mwaka 2023, wakimbizi waliokuwa wakiishi mjini walipotakiwa kurudi kambini, mama alirudi kwenye nyumba ya baba, na sala mbili zikawa mezani pamoja. Baba alisali kwa vyeo vyote, ugali ukapoa. Alipomaliza, mama akasema chini chini, "Asante, Wewe," ndipo akanawa. Siku ya tatu baba hakuvumilia.

"Hata mwenyekiti wa kamati ya maji huwezi kumuita 'wewe'."

"Mwenyekiti hanijui," mama akajibu.

Wapo wanaosema kwamba hayo ni mambo ya sarufi tu na Mungu hasikilizi sarufi. Anayesema hivyo hajala chakula nyumbani kwetu. Mdogo wangu, yule aliyeugua, alikuwa akiitazama sahani asijue aseme amina ya nani.

Mwaka jana bibi mzaa baba alifariki. Kabla ya kufa aliagiza kwamba msibani nisali mimi, mjukuu wake wa kwanza. Wazee wa kanisa hawakupenda. Mwanamke, tena aliyetoka. Baba akawaambia, "Njo vile mama alisema," na hawakuongeza neno. Nilitoka Likuni asubuhi, nikafunga kitambaa kichwani kwa heshima ya marehemu, nikasimama. Ua ulikuwa umejaa: watu wa baba upande mmoja, majirani upande mwingine.

Vyeo vilikuja, vyote, kwa mpangilio uleule wa utotoni. Ningeweza kuvisema bila kujikwaa na wazee wangeridhika. Lakini kumzika bibi kwa sauti ya mtu mwingine sikutaka. "Wewe" ya mama nayo nilikuwa nayo, ila ile ni ya mama, aliitafuta gizani miaka miwili, na sikutaka kuitoa pale mbele za watu imwaibishe baba siku ya kumzika mama yake. Nilikaa kimya muda mrefu kiasi kwamba mtu mmoja alianza kukohoa. Kisha nikasema, "Mungu wa bibi," nikamtaja kwa jina lake la ukoo, ambalo kanisani halikutajwa kamwe, nikaendelea kutoka hapo. Haikuwa sala ndefu.

Amina ilikuja kwa vipande. Ya baba niliisikia.

Mama alikuwa nyuma ya nyumba kwenye masufuria na hakusikia kitu. Jioni, tukikusanya sahani za watu, aliniuliza nilianzaje. Nikamwambia. Hakusema kama ni vizuri au vibaya. Aliuliza tu kama nilikumbuka kuwashukuru vijana waliochimba kaburi. Nilikumbuka.