Sijabadili Dini, Nimebadili Kazi

Mimi ni Muislamu, na sijatoka huko. Lakini kazi yangu ya akili mnemba imegeuzwa na Wabudha, na sioni aibu kulisema.

Ilianza kwa udadisi tu, nilipokuwa masomoni Japani. Katika hekalu la Kodaiji, Kyoto, kuna Mindar, roboti iliyozinduliwa mwaka 2019 kwa sura ya Kannon, mtakatifu wa Kibudha mwenye huruma. Profesa Hiroshi Ishiguro wa Chuo Kikuu cha Osaka alishiriki kuiunda. Uso na mikono ni silikoni. Kwingine chuma na nyaya ziko nje nje. Inahubiri Sutra ya Moyo, andiko la Kibudha, na mahubiri yenyewe yamepangwa kabla. Nilikwenda na swali la kila mtu: ina roho? Mtawa wa hapo, Tensho Goto, alikwisha kueleza hadharani kwamba kwao si hoja kama mafundisho yanapitia kwenye mashine, chuma chakavu au mti. Jibu hilo lilinikera, kisha likanitafuna.

Baadaye nikasoma kitabu cha mwaka 2020 cha Soraj Hongladarom, mwanafalsafa wa Bangkok, kuhusu maadili ya akili mnemba kwa jicho la Kibudha. Kwake, haitoshi mashine iwe hodari. Lazima pia ipunguze mateso ya viumbe. Na Ubudha huupima uzito wa tendo kwa nia ya mtendaji. Basi swali likaiacha roboti, likanigeukia mimi.

Nilikuwa nimesharudi Dar es Salaam, kazi yangu kupanga video ili mtazamaji asiweke simu chini. Tulipimwa kwa dakika. Buddha aliwakataza wafuasi wake biashara tano: silaha, watu, nyama, vileo na sumu. Yetu haimo, angalau kwa jina. Mwenzangu akaniambia, "Ndugu yangu, mtu mzima si ana kidole? Azime." Kweli, ila sisi tulikuwa tunalipwa ili asizime.

Nikaomba kuhamishwa kitengo. Mshahara ulipungua, na mke wangu ana maneno yake kuhusu hilo.

Si kwamba nakubali yote. Nia safi ya mtengenezaji haimsaidii mtu aliyenyimwa mkopo na programu yenye upendeleo. Huyo anataka sheria na mahali pa kukata rufaa. Lakini siku hizi, kabla hatujaafikiana kipimo cha programu yoyote, nauliza kinachochea tamaa ipi, ya nani. Vikao vimekuwa virefu, na bosi analalamika.